Friji Mliyoichukua Pamoja na Kazi Yangu

Kwa Mkuu wa Mpango wa Kukusanya Vyombo Chakavu vya Umeme, Shirika la Umeme.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaoshinda kwenye hiyo ofisi yenu. Mimi ni mzima wa mwili. Ni karani mstaafu wa mizani ya malori. Kwa miaka thelathini na mbili nilipima kila kilichopita barabara kuu, na sikuwahi kuandika uzito wa kubahatisha. Kwa hiyo naomba haya yafuatayo yasichukuliwe kama maneno ya mzee aliyekosa la kufanya.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita vijana wenu wawili walikuja na gari, wakabeba friji yetu ya zamani iliyokuwa sebuleni, wakaacha mpya. Wakaacha na kikaratasi kinachosema kwamba friji ya zamani hula umeme mara tatu ya mpya, na kwamba vyuma, nyaya na plastiki zake zitatumika tena. Walikuwa vijana wa adabu. Mmoja alinipa pole kwa usumbufu, maskini, hakujua analosema.

Nianze na friji yenyewe. Mpira wa mlango ulikufa miaka kumi na moja iliyopita, mlango ukawa haushiki. Tulijaribu kamba, tukajaribu gundi, tukajaribu tofali. Mwishowe ikaonekana unashika vizuri ukiegemezewa kiti chenye mtu wa kilo sabini na nane. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimestaafu mwezi uleule, na nakiri kwamba nilifurahi kupata ofisi nyingine haraka namna ile. Nikienda kulala, au nikienda msibani, zamu yangu ilishikwa na ndoo mbili za mchanga.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu umeme. Mnasema friji mpya inaokoa umeme. Sibishani na mashine, nabishana na watu. Zamani hakuna aliyefungua friji bila kunipitia mimi. Nilimwuliza anataka nini, nikasogeza kiti, akachukua, nikarudisha kiti. Sekunde sita! Mlango ulifunguliwa mara tisa kwa siku, kumi na moja kukiwa na wageni. Sasa mkwe wangu, mume wa binti yangu, anafungua mlango, anashika kiuno, anatazama ndani kama anayengoja taarifa ya habari ianze. Kisha anafunga bila kuchukua kitu. Jumamosi nilihesabu mara arobaini na saba. Huo umeme mnaookoa, jamani, mnauokolea wapi?

2. Kuhusu salamu. Nyumba yetu ina watu saba, nami nilikuwa napokea shikamoo nane kwa siku, maana huwezi kumwambia mzee asogee bila kumwamkia. Hata mke wangu, ambaye si mtu wa maneno matamu, alikuwa ananiita mume wangu akitaka maziwa. Wiki hii shikamoo zimeshuka hadi tatu, na moja ni ya msoma mita wenu. Maziwa mke wangu anajichukulia.

3. Kuhusu taa. Friji yetu ilikuwa giza ndani. Taa iliungua zamani na hatukuibadilisha, kwa sababu nilijua kila kitu kilipo kwa kichwa. Mtu alipapasa, nami nikamwelekeza: rafu ya pili, nyuma ya sufuria, acha hilo, hilo ni la juzi. Friji mpya inawaka kama duka la dawa. Ujuzi wangu wa miaka kumi na moja umebadilishwa na kibalbu cha ukubwa wa kidole gumba, na hakuna aliyeona haya.

4. Hapa ndipo roho inaponiuma, na naomba usome polepole. Mtu akisubiri usogeze kiti, husema kitu. Hawezi kusimama tu. Kwenye kiti kile ndipo nilipojua kwamba mkwe wangu amepunguzwa kazini, siku tatu kabla mkewe hajajua. Kwenye kiti kile binti yangu aliniambia ana mimba ya pili, chupa ya maji mkononi. Sikumdadisi hata kidogo, nilimwuliza tu kama anataka ya baridi sana.

Wiki iliyopita mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na tatu, amefaulu mtihani wa kuingia sekondari. Ameshika nafasi ya nne kati ya watoto mia moja na sita. Mnajua nani aliniambia? Fundi viatu wa kona ya pili! Nilikwenda kushonewa kandambili, akanipa hongera, nikajikausha kama najua. Nikasema ahsante, Mungu mkubwa, nikarudi nyumbani na kandambili mkononi bila kushonewa. Nyumbani wakashangaa, ati walidhani najua. Kila mtu alidhani mwenzake ameniambia. Mjukuu mwenyewe alisema alikuwa anakuja kwangu mbio, akapitia friji kwanza, akakuta juisi, akasahau. Sina ugomvi na mtoto. Lakini niliona uchungu, Ndugu Mkuu, uchungu ambao sikuuona hata siku ile waliyonikabidhi saa ya ukutani kunishukuru kwa utumishi.

5. Mahali pangu pamewekwa ua la plastiki.

6. Kuhusu kumbukumbu zenu. Nimesoma stakabadhi mliyoacha. Imeandikwa: friji moja, rafu tatu, treya moja ya barafu. Huo ni upungufu, na kwa karani yeyote ni aibu. Friji ile haikufanya kazi bila mimi, au walau bila ndoo zangu, tangu mpira ufe. Kwa haki kabisa mimi ni kipuri chake. Mmechukua mashine mkaacha kipuri, na hapo mmevunja utaratibu wenu wenyewe.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mambo mawili. Ama friji irudishwe na mlango wake ukiwa mbovu vilevile, na msithubutu kuweka mpira. Ama mtume gari lije linichukue na mimi. Niko tayari siku yoyote ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi, na ngazi zetu ni pana. Kikaratasi chenu kinasema sehemu tisa kati ya kumi za kila chombo cha zamani huwa bado zina matumizi. Ningependa nikaguliwe na wataalamu wenu nijue zangu ni ngapi. Macho yangu yanaona, nahesabu bila mashine, na najua kusikiliza. Nitashukuru kuelezwa ni kwenye kitu gani naweza kutumika.

Wasalimie wale vijana wawili, hasa yule aliyenipa pole. Wasalimie wa mapokezi, wa masjala, msoma mita wa mtaa wetu, na jamaa zenu wote wakubwa kwa wadogo. Mke wangu anawasalimu sana. Yeye anaipenda friji mpya.

Ni mimi, asiye na kiti,
Karani wa Mizani (mstaafu)

Nyongeza: Mkifungua jalada mtakuta fomu ya kuomba friji ichukuliwe, na saini iliyo chini yake ni yangu. Ni kweli. Hakuna aliyenishika mkono. Mgongo ulikuwa umechoka, na nilitaka walau siku moja nikakae nje kwenye upepo kama wazee wenzangu. Nilidhani nikihama, watu wa nyumbani watanifuata.

Barua hii nimeianza hapa mezani tangu mchana. Mke wangu amekuja kuuliza nawaandikia nani. Binti yangu amekuja kuuliza mama yake ameambiwa nini. Mkwe amesoma namba moja, amekasirika, amekaa, anataka ile arobaini na saba iwe thelathini, na bado tunabishana. Mjukuu yuko ubavuni kwangu saa nzima sasa. Amenirekebishia nukta mbili, na amenisimulia kwa mdomo wake alivyolijibu swali la mwisho la hesabu. Kwa hiyo friji kaeni nayo. Ila nijibuni, tafadhali, mkatae ombi langu kwa sababu nyingi na ndefu, nasi tutakaa hapa tuzijibu moja moja.