Idara ya Mahame Yajayo

Kwa niaba ya Idara ya Mahame Yajayo, ninayo heshima kuwatangazia wananchi wote kwamba tatizo la nyumba kuhamwa na kuachwa zioze limekwisha kabla halijaanza.

Mbinu yetu ni nyepesi. Zamani serikali ilisubiri mpaka nyumba ihamwe, popo waingie, paa litoboke, ndipo ichukue hatua. Sisi tunakwenda wakati ujao, tunaziona nyumba zitakazokuwa mahame, kisha tunarudi kuzichukua leo zikiwa bado na milango. Na yule atakayeihama nyumba, ambaye sheria inamwita Mhamaji Mtarajiwa, anatakiwa kuondoka leo leo katika nyumba anayoishi, kwa kuwa kuondoka ataondoka tu, sasa anachelewesha nini? Kifungu hicho alikiandika Mkurugenzi wetu kwa mkono wake. Kila akitusomea hufumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi.

Mimi ni Katibu wa Ukaguzi. Watu wakiniuliza kazi yangu hasa ni ipi, huwaambia kazi yangu ni kuwepo. Pasipo Katibu, ukaguzi ni matembezi.

Kila nyumba tuliyoikuta hame huko mbele kweli ilihamwa; hatujakosea hata mara moja. Wapo wenye midomo wanaodai kwamba zilihamwa kwa sababu sisi ndio tuliowatoa wenye nyumba. Hao tumewaandalia semina.

Sasa nije kwenye nyumba ya Mama Maziwa. Huyu ni mjane anayefuga ng'ombe kwenye shamba lake nje ya mji, kilimani, mahali penye upepo mzuri. Chai ya ofisini kwetu huungwa kwa maziwa yake. Kwa bahati mbaya Mkurugenzi naye aliupenda ule upepo. Siku moja alisimamisha gari barabarani, akavuta pumzi, akasema mahali kama pale panafaa kujengwa Kituo cha Tafakuri ya Viongozi. Kiongozi wa kwanza kutafakari angekuwa yeye mwenyewe akishastaafu, pamoja na mkewe na televisheni yao. Haukupita muda, nyumba ile ikaingia kwenye ratiba ya ukaguzi.

Mama Maziwa alikuja ofisini na ndoo yake mkononi, akakataa kiti.

"Nyumba yangu itahamwa na nani?" akauliza. "Mimi sina pengine. Nikitoka pale naenda wapi, kaburini?"

Mkurugenzi akamjibu kwa upole kwamba hayo ndiyo yanayokwenda kuchunguzwa. Kwa kweli nilimwonea huruma yule mama. Kisha nikakumbuka cheo changu, huruma ikapungua hadi kiwango kinachoruhusiwa.

Kilichotutatiza kidogo ni kwamba dereva wa mtambo wetu ni mtoto wa kaka yake Mama Maziwa. Baba yake alipofariki, kijana alilelewa kwenye nyumba ile ile, akikamua ng'ombe kabla ya kwenda shule. Nilimshauri aombe udhuru asiende. Akasema akibaki yeye hatutafika, maana sisi hata lori hatujui kuliendesha. Alisema kweli. Mtambo wetu unasafiri katika wakati tu, barabara haijui. Ni kabati la chuma lenye viti na mikanda, na ukitaka kuona mahali fulani patakuwaje, sharti kwanza ulipakie kwenye lori ulipeleke huko.

Basi tukalipeleka. Tulilishusha uani kwa Mama Maziwa, kati ya birika la ng'ombe na kamba ya nguo, naye akatoka kuanua nguo zake tusizitie vumbi.

"Shikamoo, shangazi," dereva akasema.

"Marahaba. Hata wewe?"

Dereva akaanua shati la mwisho, akampa. Mama Maziwa akanigeukia mimi, akaniomba nikifika huko nimwangalizie alikufa kwa maradhi gani, ili aanze dawa mapema. Mkurugenzi akacheka, akacheka peke yake.

Tukafunga mikanda. Mtambo ukatetemeka, ukatoa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Mlango ulipofunguka, ua ulikuwa ule ule lakini magugu yalitufika kiunoni. Kamba ya nguo ilikuwa imekatika na zizi limelala ubavu. Nyumba ilisimama bado, paa limebonyea katikati, madirisha yamefungwa kwa ndani.

"Hame," Mkurugenzi akasema, akisugua viganja. "Tumemaliza. Katibu, andika."

"Hatujaingia ndani, mkuu," dereva akasema.

Hapo ndipo mvutano ulipoanza, nami nitaueleza bila kupendelea upande, ingawa upande mmoja ndio unaosaini ruhusa zangu za likizo. Mkurugenzi alishikilia kwamba mtu mwenye macho hahitaji kuingia, na kwamba ndani kuna popo. Dereva alishikilia kwamba mtu hatangazwi marehemu na majirani waliosimama getini. Mkurugenzi akasema tusipotezeane muda. Dereva akamkumbusha kwamba tumekuja na mtambo wa wakati, muda tunao wa kumwaga. Wakasogeleana mpaka matumbo yakakaribia kugusana, kisha wote wawili wakanitazama mimi nitoe mwongozo.

Nikautoa. Kanuni inasema mkaguzi asiingie katika nyumba bila kukaribishwa na aliyemo. Hame halina aliyemo. Kwa hiyo hame haliingiliki. Akitokea mtu akatukaribisha, basi hilo si hame na hatuna kazi nalo. Ndiyo maana tangu idara ianzishwe hakuna mkaguzi aliyewahi kuingia ndani ya hame lolote.

"Sasa huwa mnakagua nini?" dereva akauliza.

"Tunakagua nje," nikamwambia. "Nje ndiko kunakoonekana."

Akasema basi walau tupige hodi. Mkurugenzi akapinga kwa nguvu zote. Alisema idara ikianza kupiga hodi kwenye mahame, siku moja itajibiwa, na hapo kazi itaharibika. Hoja hiyo niliiona nzito. Tulikuwa bado tunaipima dereva alipotuacha tukisema, akazunguka nyuma ya nyumba.

Mlango wa jikoni wa nyumba ile una komeo bovu ambalo mtu wa humo hulisukuma kwa goti. Tukasikia goti. Tukasikia bawaba. Halafu sauti yake ikatoka ndani.

"Karibuni."

Nilichanganyikiwa. Tulikuwa tumekaribishwa na aliyemo, lakini aliyemo alikuja nasi. Nikaanza kutafuta kifungu. Mkurugenzi hakunisubiri, alikwenda mbio kumtoa dereva kwa ukosi wa shati, nami nikafuata, kwa kuwa kazi yangu ni kuwepo.

Sebuleni hapakuwa na kitu hata kimoja cha Mama Maziwa. Palikuwa na makochi ya ngozi yaliyotafunwa na panya, na televisheni pana kama mlango. Chini ya kochi kubwa zilijipanga ndara za kahawia, zile zile ambazo Mkurugenzi huzivaa ofisini akishakula. Ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, ilitundikwa picha yake mwenyewe: mvi kichwa kizima, kidole shavuni, akitafakari.

Mkurugenzi aliitazama picha ile kwa muda mrefu.

"Nimezeeka vizuri," akasema.

"Shangazi hakuhama hapa," dereva akasema. "Alitolewa. Aliyehama ni wewe, mkuu."

Mkurugenzi akasema labda yeye wa wakati huo ametoka kidogo tu, labda yuko sokoni. Dereva akapitisha kidole juu ya televisheni, akatuonyesha vumbi. Mkurugenzi akanishika bega, akaniita ndugu yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema: "Katibu, sisi humu hatujaingia."

Nilitamani sana kukubali. Lakini mtu huyu huyu ndiye aliyenifundisha kwamba alichokiona mkaguzi, idara imekiona. Sitadai kwamba nilikuwa jasiri. Niliogopa mpaka kwapa zikalowa, ila kifungu nakiogopa zaidi kuliko mtu, kwa sababu mtu hustaafu.

Tuliporudi, Mama Maziwa alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, nguo zake zimekunjwa mapajani. Dereva akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Hukuhama, shangazi." Mama akalia kidogo, akatutukana kidogo, kisha akaenda kukamua.

Baada ya hapo mambo yakafuata utaratibu. Mama Maziwa si Mhamaji Mtarajiwa, abaki kwake. Mhamaji Mtarajiwa ni Mkurugenzi, na anatakiwa kuondoka leo leo katika nyumba anayoishi, yaani ile nyumba ya serikali yenye bustani na mlinzi. Alipinga. Alisema kifungu kile kiliwakusudia watu wengine. Dereva akanong'ona kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Mimi nikamsomea Mkurugenzi kifungu chake neno kwa neno, na safari hii hakufumba macho.

Wapo watakaouliza: kama hakuipata nyumba ile, picha yake ilifikaje ukutani? Ni swali zuri, nalo limepelekwa kwenye kamati, itakayokutana wakati ujao.

Alasiri ile ile lori letu lilirudi kilimani, safari hii limepakia makochi ya ngozi na televisheni. Mkewe alikuwa ameshakwenda kwa dada yake bila kuaga. Mkurugenzi alishuka akiwa na sanduku mkono mmoja na picha mkono wa pili, kwa maana alikuwa ameshapigwa hiyo ya kutafakari na mvi zilikuwa njiani. Aliniambia ana uhakika wa kupokewa. Alijionea kwa macho yake mwenyewe kwamba ataishi pale, na wakati ujao wa serikali haukosei.

Moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Redio ilikuwa ikiimba, na maziwa yalinukia mpaka barabarani. Mkurugenzi akavua kofia, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akapiga hodi.

Redio ikapunguzwa.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Mkurugenzi."

Kijiko kikakoroga sufuria, kikaacha, kikakoroga tena.

"Hakuna mtu humu, mwanangu," Mama Maziwa akajibu. "Hili ni hame."

Mkurugenzi akanigeukia. Nilimhurumia kwa kiwango kinachoruhusiwa. Nikamkumbusha kwamba kwa mujibu wa kanuni hame haliingiliki. Akaniuliza, sasa yeye afanye nini.

Nikamshauri akague nje.