Mayai ya Maabara ya Macho

Jumatatu, 14 Julai

Nimepata tenda! Maabara ndogo ya utafiti kule Mikumi inataka mayai ya kienyeji kila wiki. Mtafiti wao, dada Tumwagile, kanichagua mimi, Elikana wa Magomeni, Kilosa, kamwacha Mama Yusrah wa Chanzuru. Mama Yusrah ana kuku wa kienyeji uwanja mzima. Mimi nina wa kisasa, mayai meupe pe, na jogoo hawajawahi kumwona hata kwenye picha. Lakini Mama Yusrah hana pikipiki.

Tumwagile alinieleza kazi yenyewe. Anatazama jicho la kifaranga linavyoumbika ndani ya yai siku zile za mwanzo, kisha anajaribu dawa aliyoikamua kwenye majani, aone kama inazuia jicho lisidumae. Huko mbele, labda miaka mingi, ije isaidie watoto. Nikamwambia nayajua hayo. Deo, mtoto wa dada yangu Marselina, alizaliwa na jicho dogo la kushoto, na sasa Marselina ana mimba nyingine na halali kwa hofu. Tumwagile akanipa pole ya kweli. Akasema basi mimi naelewa kuliko wengine kwa nini kuku lazima awe amepandwa na jogoo. Nikasema naelewa sana.

Nimerudi nikachemsha majani ya chai, nikaloweka mayai yangu. Yametoka na rangi ya kienyeji kabisa! Yai ni yai.

Jumamosi, 19 Julai

Nimemkuta Tumwagile analia. Kafungua mayai yote niliyompelekea. Hakuna jicho, hakuna hata mshipa wa damu. Ute na kiini tu, kama ya kukaangia. Anadhani kosa ni lake, kwamba kapandisha mno joto la mashine ya kuangulia. Bosi wake, Profesa Nikolaus, anakuja Ijumaa kutoka Morogoro. Asipoona kitu, chumba kinafungwa na yeye anarudishwa nyumbani.

Halafu akaniomba radhi. Mimi! Eti kanipotezea mayai mazuri. Akanikaribisha chapati. Nilitaka kusema ukweli, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Nikala mbili. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Jumapili, 20 Julai

Nimeamua kurekebisha. Kwa haki kabisa! Nimekwenda Chanzuru kwa Mama Yusrah. Nikatoa shikamoo ya adabu, akaitika marahaba, kisha akaniuliza kuku wangu wamegoma au wamekufa. Nikasema wamepumzika. Akacheka hadi akashika nguzo. Kaniuzia nusu trei, mayai ya jana na leo. Mengine kasema ni ya wateja wake wenye akili.

Nusu trei haitoshi. Nikakumbuka kuku wa Marselina, anaatamia siku ya tatu sasa. Mayai yale yana jogoo, hilo halina ubishi! Marselina alikuwa kanisani. Nikayatoa chini ya kuku, nikamwekea ya kwangu ya kisasa. Kanidonoa vidole vyote. Nilistahili.

Jumatatu, 21 Julai

Nimefikisha trei. Upande huu ya Marselina, upande ule ya Mama Yusrah. Tumwagile alikuwa na haraka, hata kuyamulika kwa tochi aone kilichomo hakuyamulika. Akasema ananiamini. Akaweka alama za penseli: upande huu yatapata dawa, upande ule maji matupu ya kulinganishia. Nikamsifu kwa mpangilio.

Alhamisi, 24 Julai

Maajabu! Tumwagile kanipigia simu anapiga vigelegele. Mayai yaliyopata maji yana vijicho vidogo kama nukta. Yaliyopata dawa yana macho makubwa, meusi, yamejaa kichwa kizima! Anasema hajawahi kuona wala kusoma kitu cha namna hiyo. Profesa naye anakuja na kamera.

Nikafurahi sana. Nikaenda moja kwa moja kwa Marselina kumwambia dawa imepatikana. Nikamtajia na majani yenyewe, maana ndiyo niliyomsaidia Tumwagile kuchuma kule Rudewa wiki iliyopita. Marselina akampakata Deo akalia kwa furaha. Akaniita kaka mwenye baraka.

Nilikuwa njiani kurudi ndipo akili ikafika. Upande huu ya Marselina. Upande huu dawa. Macho yale hayakukuzwa na dawa! Yalikuzwa na kuku wa dada yangu, kwa matako yake mwenyewe. Nikakaa kando ya barabara. Nimefanya nini?

Ijumaa, 25 Julai

Nimeamkia kwa Marselina nipate ushauri bila kusema kitu. Nikamkuta kachemsha majani. Sufuria nzima! Kikombe kiko mezani kinapoa, anasema atakunywa kila siku hadi ajifungue, mtoto huyu azaliwe na macho mawili mazima.

Nikakinyakua nikakigugumia chote. Nikasema nina kiu. Akashangaa, akanijazia kingine. Nikanywa. Akajaza cha tatu, cha kwake, na hapo tumbo langu likakataa. Nikamshika mkono. Nikamweleza yote, tangu majani ya chai. Dawa haijathibitika kwa kifaranga, sembuse kwa mwanadamu mwenye mimba.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliuliza tu kuku wake anaatamia nini sasa. Nikamwambia. Akamwaga sufuria, akaenda kuchuchumaa pale kwenye kiota, akanipa mgongo. Kisha akasema niende Mikumi nikamwambie yule binti kabla profesa hajatangaza uongo wangu kwa watu wenye wajawazito wao.

Nikaenda. Tumbo linaunguruma kupita pikipiki. Nimesimama porini mara kadhaa, nikiwaogopa tembo kuliko profesa. Nilikosea.

Profesa Nikolaus alikuwa anapiga picha. Tumwagile kavaa gauni jipya. Nikasema mbele ya wote, nikiwa nimebana miguu. Profesa akamtazama Tumwagile. Yeye akachukua kitambaa, akafuta ubao wote, akasema matokeo hayapo, kosa ni lake kwa kutoyamulika mayai, na kama chumba kinafungwa basi kifungwe. Sauti haikutetemeka. Yangu ilikuwa inatetemeka na sikuwa nasema kitu.

Profesa kampa muda aanze upya. Mayai yataletwa na Mama Yusrah, na watamtumia gari. Mimi nisionekane tena pale getini.

Tumwagile alinisindikiza mwenyewe. Aliuliza jambo moja tu, kama Marselina alikunywa. Nikasema hapana, nilikunywa mimi. Akarudi ndani, akaniletea pakiti ya dawa ya kuharisha, ile ya kuchanganya na maji, akaniambia nimwahishe Marselina kliniki akaongee na wauguzi. Nimelia hadi Kilosa. Naapa, sitadanganya mtu tena maisha yangu yote.

Jumatano, 30 Julai

Nimempeleka Marselina kliniki. Wamempima, wamesema mtoto anaendelea vizuri hadi sasa. Mimi bado haniangalii usoni.

Tukiwa kwenye foleni kanipigia kijana mmoja, Innocent, mtafiti mgeni, kapata namba yangu kwa waendesha pikipiki. Anatafuta samaki wadogo wa mtoni, walio hai, madume na majike. Anasema mayai yao ni maangavu, jicho unaliona linavyoumbika bila kupasua kitu. Anataka kujaribia dawa za macho. Akauliza kama naweza kutofautisha dume na jike.

Nikamtazama Marselina, kashika tumbo lake kwa mikono miwili. Nikasogea pembeni asinisikie. Nikasema naweza, ndiyo kazi yangu tangu utoto.

Akauliza jina. La kwangu niliona haya kulitaja. Nimempa Emanueli.