Kesi ya Kofia ya Mwalimu Wilhelmina

Jumanne, 17 Oktoba 1995
Rebeka wangu karudi kimya tena. Kwenye klabu ya vitabu ya Mwalimu Wilhelmina, hapa Pasiansi, watoto wanasoma hadithi za upelelezi, halafu wanatunga kesi yao na kuitatua. Anayetatua anasimama Jumapili kuwaeleza wazazi. Kila mara ni Jovitus. Rebeka hajasimama hata siku moja. Akiulizwa, ananong'ona. Naogopa mtoto atakua na sauti ya panya.
Mama Jovitus kanikuta nakaanga mapanki ya sangara. Kasema kwao Bukoba mtoto husoma kabla ya kutambaa. Nikamwambia wangu anafikiri kwanza.

Jumatano, 18 Oktoba
Nimejitolea kwa Mwalimu: kofia yake "iibiwe", ifichwe kwangu, na dalili niandike mimi. Kakubali! Masikini, hajui.
Jioni nikamwita Rebeka nimnong'oneze ilipo. Kaziba masikio. Kasema mpelelezi haambiwi. Nimezaa padri.

Ijumaa, 20 Oktoba
Basi nimerahisisha. Kofia iko jikoni, ndani ya sufuria. Ukutani nje, kwa chaki, nimeandika: TAFUTENI PALE PA KURA. Yaani jikoni, tunapokura. Hata akiwa amesinzia atajua.
Mayala, baba yake, kasoma, kakohoa sana, kaingia ndani. Siku zote ananicheka, eti sisi wa Ukerewe l na r kwetu ni mapacha. Wivu tu wa Kisukuma.

Jumamosi, 21 Oktoba
Mungu wangu. Jovitus kaongoza kundi zima mbio mpaka ofisi ya kata, ambako wazee walikuwa wanafundishwa kupiga kura. Kasukuma mlango, kauliza kilichoibiwa kiko wapi. Ukumbi wote ukasimama! Mzee Ndalahwa kapanda juu ya benchi, anapiga kelele kwamba kura zimeibiwa hata kabla hazijapigwa. Mwalimu kawatuliza mpaka sauti ikamkauka.
Rebeka peke yake hakukimbia. Kasimama mbele ya ukuta wangu, midomo inachezacheza kama anasali. Kisha kaingia jikoni. Katoka na kofia kichwani, inanuka sangara.

Jumapili, 22 Oktoba
Kasimama. Nikafikiri atanong'ona. Akavuta pumzi, na hata waliokaa nyuma kabisa wakasikia:
"Mwizi kaandika kura, lakini alitaka kusema kula. Namjua, ndiye anayeniamsha kila asubuhi. Mwizi ni mama yangu."
Watu wakacheka mpaka wakashikana. Mimi machozi tu. Mama Jovitus kanipa leso yake, kasema mtoto huyu ana kichwa. Inanukia vizuri, hiyo leso. Sirudishi.
Baadaye Mwalimu kanieleza taratibu: kura ni ya sanduku, kula ni ya sahani. Nimeelewa. Halitatokea tena.

Jumatatu, 23 Oktoba
Rebeka kapewa kuongoza kesi ijayo, na klabu itakutana kwetu! Nisije nikawapoteza watoto wa watu tena. Nimefuta ukuta, nimeandika upya, herufi kubwa, kila apitaye barabarani aone: MAHARI PA REBEKA NI HAPA. Nimekagua vizuri. Hakuna kura popote.
Mayala karudi kazini, kasoma, kikohozi kikamshika tena. Kaniuliza tunataka ng'ombe wangapi. Klabu ya vitabu na ng'ombe wapi na wapi? Hicho kikohozi kimempanda kichwani. Namchemshia tangawizi.