Mzazi B Ajitoa Kwenye Utafiti

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Elimu ya Awali,

YAH: OMBI LA KUKATALIWA KWA UTAFITI WA MKE WANGU

Nakutakia afya njema wewe na idara yako yote, na naomba barua hii uisome ukiwa umekaa. Mimi ni kinyozi. Nina kibanda cha kunyolea nyuma ya kituo cha mabasi, chenye kioo kimoja, kiti kimoja kikubwa na kigoda cha watoto. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea, na ndiye mwanafunzi wako wa jioni katika somo la mbinu za utafiti wa watoto na elimu. Alipoanza masomo nilifurahi, nikamnunulia hata begi. Sikujua kwamba nanunua begi la kubebea balaa. Nasikia Ijumaa atawasilisha utafiti wake mbele yako. Naomba kwa heshima umkatalie, na sababu zangu ni hizi:

1. Nyumbani kwangu hakuna tena swali la kawaida. Zamani nikirudi kazini naulizwa, umekula? Nami najibu sijala, napakuliwa, mambo yanaisha. Siku hizi mke wangu kaambiwa darasani kwamba hilo ni swali funge, linamnyima mtu nafasi ya kujieleza. Basi naombwa nisimulie nilivyoishi na njaa yangu tangu asubuhi. Nikimaliza kusimulia, chakula kimepoa.

2. Ridhaa. Mmemfundisha kwamba mtoto hafanyiwi utafiti mpaka aelezwe na akubali, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Kwenye karatasi jambo hili linapendeza sana. Tatizo ni kwamba binti yetu wa miaka sita, tunayemwita Kibiriti kwa sababu hachelewi kuwaka, alikuwapo wakati mama yake analisoma kwa sauti. Kesho yake alijitoa kwenye kuoga. Jioni akajitoa kwenye mboga za majani. Jumapili akajitoa kwenye udada, akatangaza kwamba mdogo wake atafute dada mwingine, na nilipomuuliza kwa nini, akanikumbusha kwamba hatakiwi kutoa sababu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi sikuwahi hata kumchelea, na bado nalia.

3. Jina langu. Mke wangu alinihakikishia kwamba kwenye ripoti majina yote yamefichwa. Nikaomba nione. Nikakuta mimi ni Mzazi B. Mheshimiwa, mimi nimeoa kwa sherehe na mashahidi walikuwapo. Kama mimi ni B, A ni nani? Swali hilo lilininyima raha mpaka ikajulikana kwamba Mzazi A ni jirani yetu fundi redio, ambaye eti "humsikiliza mtoto kwa makini." Fundi redio yule sikio moja halisikii na la pili linasuasua, kazi yake ni kutikisa kichwa tu. Mimi ninayesikia yote nimeandikwa kwamba "hutumia zaidi amri." Na huko kufichwa kwenyewe ni hivi: Mzazi B, kinyozi, nyuma ya kituo cha mabasi. Ripoti yenyewe aliisomea ndani ya basi, na sasa makondakta wote wananiita Mzazi B, na wateja wakishakaa kwenye kiti wananiomba niwaamrishe kidogo.

4. Hapa ndipo maji yalipozidi unga. Mlimwambia kwamba anayechunguza watoto sharti aione dunia kutoka kwenye kimo cha mtoto. Watoto wadogo mimi huwanyoa kwenye kigoda, maana kwenye kiti kikubwa wanateleza. Basi mke wangu akaja Jumamosi, wateja wamejaa, akaketi sakafuni kando ya kigoda, katikati ya nywele za watu, akabaki hapo mchana kutwa. Mwishowe akaandika kwamba kutoka pale chini kioo hakionekani. Kinachoonekana ni tumbo la kinyozi, kisha mashine ikija. Tumbo langu limeingia elimu ya juu, na ridhaa yangu hakuna aliyeiomba.

Hakuishia hapo. Aliwaeleza watoto waliokuwa kwenye foleni haki zao. Mtoto wa mshona nguo, ambaye nilikuwa nimeshamnyoa upande wa kulia, alisikiliza, akafikiri, akajitoa. Akashuka kigodani akaenda zake, shuka langu bado liko shingoni kwake. Nilimfuata mpaka kituoni nikimbembeleza arudi walau kwa ajili ya upande wa pili, na mke wangu yuko nyuma yangu ananiambia nisimshinikize mshiriki. Mtoto yule ameutembeza ule upande wa kulia mtaa mzima, na akiulizwa kanyolewa na nani, anajibu bila kuombwa ridhaa. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Hawakusema tufanye nini akiukataa katikati.

5. Nilipoona hivyo nami nikaitumia haki yao. Nilisimama sebuleni nikatangaza kwamba mimi, Mzazi B, nimejitoa, na sababu sitoi. Nilitegemea nitabembelezwa kidogo. Mke wangu alisema tu, "Sawa, nimeheshimu uamuzi wako," akafunika kalamu yake. Tangu siku hiyo haniulizi kitu. Anamuuliza Kibiriti, anamuuliza mama yangu, anamuuliza mpaka fundi redio. Mimi napakuliwa chakula cha moto kimyakimya, na hakina ladha. Naomba hili nalo lihesabiwe miongoni mwa makosa yake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, utafiti huo ukataliwe, na mke wangu nirudishiwe akiwa vilevile alivyokuwa siku nilipomnunulia begi. Kama hilo haliwezekani, basi mchukueni na Kibiriti mkae naye huko idarani kwa muhula mmoja, halafu tuzungumze tena habari za ridhaa.

Nisalimie walimu wote, karani atakayeipokea barua hii, na mlinzi wa getini. Aliyebuni swali wazi naye msalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi niliyechoka kuelezwa,
Kinyozi wa nyuma ya kituo

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua tena. Siku ile niliyojitoa, mke wangu alikuwa ameanza kuniuliza jambo nami nikamkatiza. Aliniuliza, "Ulipokuwa mtoto, ulikuwa unaogopa nini?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, hata mama aliyenizaa. Nimekuwa nikinyoa vichwa vya watu huku nalijibu swali hilo moyoni, na wa kumwambia sina.

Leo mtoto wa mshona nguo amerudi mwenyewe, kwa ajili ya upande wa kushoto. Kabla sijawasha mashine nilikitoa kioo ukutani, nikakishusha mpaka usawa wa macho yake, nikachutama, nikamuuliza kama anakubali. Alijitazama kwa muda, akacheka, akakubali.

Kwa hiyo barua yote ya hapo juu nimejitoa kwayo, na sababu sitoi. Ijumaa tafadhali mpitishe. Na kama kuna utaratibu wa mtu aliyejitoa kurudishwa, mwambie mwanafunzi wako kwamba Mzazi B analo jibu. Nilikuwa naogopa kinyozi.