Divai Isiyofunguliwa Kabla ya Miaka Kumi

Malachie aliiona bahati yake ikipita katikati ya karamu ya arusi, imebebwa juu ya sinia. Watu wengine wote waliona chupa tu.

Ilikuwa Butembo, mwaka wa tatu wa vita. Barabara nyingi zilikuwa zimekufa, lakini biashara ilikataa kuzifuata kaburini, na wenye maduka waliendelea kuleta vitenge na mabati kutoka ng'ambo kana kwamba majeshi na vizuizi ni mvua ya kawaida. Siku hiyo Malachie alikuwa amekodiwa kugawa vinywaji. Kwenye meza ya wakubwa aliketi Valentin, chef, yaani mkubwa, wa ofisi moja ya ushuru, mtu wa Bas-Congo, upande wa pili wa nchi, aliyeletwa huku na serikali ya zamani, vita ikamfungia njia ya kurudi. Valentin alitazama divai nyekundu aliyomiminiwa, akainua kidole, akauliza ni ya mwaka gani.

Mgawaji aliyemmiminia, mtu mwaminifu, alimjibu kwa fahari:

«Chef, hii iko mupya kabisa. Ilifika juzi.»

Valentin alitabasamu kwa huruma, akaisukuma glasi pembeni. Waliokuwa wamechanganya divai yao na Fanta walifunika glasi kwa kiganja. Hakuna aliyejua kama divai inatakiwa kuwa mpya au nzee, ila wote walijua kwamba wameaibika. Malachie peke yake hakuona aibu. Aliona soko.

Na tumtendee haki: divai alikuwa anaijua. Miaka kumi na miwili alikuwa boyi wa meza kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Kalunguta, mzee mpweke ambaye, kwa kukosa mtu wa kunywa naye, alimfundisha boyi wake kutazama, kunusa na kutafuna divai kabla ya kuimeza. Vita ilipofika, mzee akapanda ndege. Askari wakashuka katika kave, kile chumba cha chini alimolaza chupa zake, wakanywa siku mbili, wamesimama, huku wakilalamika kwamba haina sukari. Malachie alikuja nyuma yao. Aliokota chupa tupu thelathini na tisa, karatasi zao za etikete nzima kabisa: Bordeaux, 1995, na picha ya nyumba kubwa yenye minara miwili. Nyuma ya rafu iliyovunjika akakuta moja ambayo haikufunguliwa, nayo ilikuwa ya 1970. Aliifunga katika blanketi, akaibeba hadi mjini kama mama aliyetoka kuzaa.

Shida ya divai ya uongo ni ulimi wa mnunuzi. Malachie alilala akitafuta namna ya kumuuzia mtu divai bila kuusumbua ulimi wake, akaamka na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa kweli tupu, maana mzee wa Kalunguta alilisema kila jioni: divai kubwa hainywewi ingali changa. Inalazwa gizani, inasubiriwa.

Basi akanunua prune za Japon, yale matunda mekundu yenye uchachu ambayo akina mama wa Lubero wanaleta sokoni kwa vikapu. Akayakamua, akayaacha yachachuke. Kwa ule ukali unaokausha mdomo alitia chai nzito; kwa uchungu, ganda la mti wa kinini; kwa nguvu, kanyanga, ile pombe kali ambayo mtu akiimwaga juu ya moto anajuta. Akajaza chupa, akapiga vizibo, akazifunika shingo kwa nta. Alionja tone moja tu. Alitema nje, mbali na nyumba.

Kuonjwa kwa ile chupa ya kweli kulifanyika kwa Mama Kyakimwa. Huyu alikuwa mjane, muuza vitenge, mwenye nyumba ya orofa mbili na, chini ya duka, shimo lililojengewa matofali alimoficha mali kila mara mji ulipobadili watawala. Valentin alialikwa, akaja na suti. Malachie alifungua chupa ya 1970 taratibu, akamimina kidogo kidogo, akawazuia kunywa.

«Kwanza muangalie,» alisema. «Pembeni rangi iko sawa tofali ya kuchoma. Ile ni miaka. Sasa muweke pua.»

Valentin aliweka pua. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, kisha akasema kwa woga kwamba anasikia mukanda. Mukanda ya ngozi.

«Ni vile kabisa, Chef,» Malachie akajibu, na hakudanganya. Kuanzia dakika hiyo Valentin akawa mtaalamu wa divai, na ofisi yake nzima ingeteseka kwa sababu hiyo.

Halafu Malachie akaonja fungu lake mwenyewe. Hilo hakulipanga katika hesabu zake. Divai ikamfungukia mdomoni polepole, tumbaku, udongo uliolowa, na mbali kabisa tunda tamu lililokataa kuzeeka, naye akajikuta tena kwenye baraza ya Kalunguta, mvua inapiga majani ya kahawa, mzee anauliza, «Alors, Malachie?» na kungoja jibu lake kama la mtu mzima. Macho yakamlowa. Kwa muda akasahau kabisa kwamba yuko kazini. Mama Kyakimwa hakuwa akitazama glasi yake. Alimtazama yeye.

Zilizobaki zilijiuza.

«Ile mumekunywa ni ndugu yao mukubwa,» Malachie alieleza, akionyesha makasha. «Hizi zingali zinalala. Kufungua leo ni sawa kuchinja ndama ya juma moja. Miaka kumi, mu giza, zilale ubavu, hapana kuzitikisa. Chef, siku vita itaisha, banene bote, bale bakubwa, batakuwa banatafuta kitu ya kunywa. Weye utakuwa nayo.»

Valentin alichukua tisa, akatoa pikipiki moja iliyokuwa imekamatwa kizuizini na kusahauliwa na mwenyewe kwa nguvu. Mama Kyakimwa alichukua thelathini, akatoa parcelle, kiwanja kizuri mlimani chenye karatasi zake zote. Aliomba jambo moja tu: yeye ni mtu wa biashara, na kila chupa iwe na kipande cha karatasi chenye jina na sahihi ya fundi aliyeithibitisha. Malachie alisaini zote thelathini na tisa bila kupumzika. Ukiahidi kitu cha mwaka 2011 wakati watu hawajui kama watafika Ijumaa, kalamu inakuwa nyepesi.

Akajenga nyumba ya matofali pale mlimani, vyumba viwili, bati jipya. Mtu aliyelala miaka yote katika vyumba vya wengine sasa alikuwa na ufunguo wake. Jumapili alikwenda misa, na padri alipoombea amani Malachie aliitikia pamoja na wote, ila moyoni aliongeza kwamba Mungu asijihimize.

Mungu hakumsikiliza. Mwaka mmoja na nusu ukapita, na siku moja radio zote za mji zikasema neno lile lile: wakubwa wamesaini huko Afrika Kusini, vita imeisha, watagawana serikali Kinshasa. Butembo ikatoka barabarani. Kengele zikapigwa, wanawake wakapiga vigelegele. Malachie aliimba nao mpaka kona ya kwanza, kisha akakimbia nyumbani kufunga mzigo.

Mpango ulikuwa Beni, kutoka Beni Mbau, kutoka Mbau Kamango, na kutoka Kamango Uganda. Alifika Beni. Kwenye kizuizi askari wawili waliitambua pikipiki, wakampigia saluti. Walimwambia kwa heshima kubwa kwamba Chef anamtafuta tangu asubuhi, aje kufungua divai.

Ukumbini kwa Valentin, pale pale Beni, kulikuwa na meza ndefu, maofisa na wake zao, na juu ya meza chupa thelathini na nane. Malachie alihesabu mara mbili. Tisa zilikuwa za Valentin. Ishirini na tisa nyingine zilikuwa za maofisa, na kila mmoja alimwelezea kwa furaha jinsi Mama Kyakimwa alivyokubali, baada ya kubembelezwa sana, kuachana na yake. Kila shingo ilikuwa na karatasi. Kila karatasi ilikuwa na jina la Malachie.

Alijaribu. Alikumbusha kwa upole kwamba miaka kumi haijatimia.

«Nani alisema tungojee vita iishe?» Valentin akauliza. «Ni weye. Imeisha. Fungua.»

Kizibo cha kwanza hakikungoja kuvutwa; kilikwenda chenyewe na kugonga dari. Valentin akawaeleza wageni kwamba hiyo ni nguvu ya ujana. Malachie akamimina. Rangi ilikuwa ya kitambaa cha waridi kilichofuliwa mara nyingi, na ukumbi ukaanza kunukia chai iliyochemshwa ndani ya hospitali. Valentin akazungusha glasi, akanusa, akatia mdomoni, akatafuna. Taya likasimama.

Aliinua macho, akamtazama Malachie, na Malachie akaona wazi kwamba amejua. Lakini mezani watu ishirini walikuwa wameshika glasi karibu na midomo, wakisubiri neno la mtu aliyewafundisha mwaka mzima na nusu, watake wasitake, maana ya divai. Valentin akameza. Machozi yalimtoka kidogo.

«Mukanda,» alisema. «Ya ngozi.»

Wote wakanywa. Mmoja akasikia tumbaku, mwingine chokoleti. Kanali mmoja, mtu asiyezoea kufikiri mara mbili, alisema kwamba yeye anasikia kinini tu. Valentin alimpigapiga begani, akamweleza kwa huruma kwamba ni divai kubwa kabisa tu zinazofika kwenye kinini. Kanali akaomba aongezwe.

Wakati wa kuagana Valentin alimsindikiza Malachie mpaka langoni, jambo ambalo chef hafanyi. Alinyoosha mkono, akapokea ufunguo wa pikipiki bila kuuomba, akarudi ndani.

Malachie alirudi Butembo juu ya lori la mbao, mchana kutwa, akijifariji kwamba kichwa bado kiko juu ya shingo na nyumba bado iko mlimani. Nyumba ilikuwepo. Mlango ulikuwa wazi. Mama Kyakimwa alikuwa ameketi barazani juu ya kasha, na uani wanawake watano walikuwa wanashusha vikapu vya prune za Japon.

«Wasingya, asante kurudi,» alimwambia. «Valentin ametuma neno. Anaenda Kinshasa, anataka chupa mia mbili za kuwapa banene ba kule. Nimeshapata chupa. Etikete inachapwa Kampala.»

Malachie aliuliza, kwa sauti ndogo, tangu lini alijua.

«Juma ya kwanza. Nilifungua moja.» Hakuwa na hasira hata kidogo. «Lakini nilishaona mbele. Ile ya kweli ulipoionja, ulilia. Hizi zingine uliziweka chini sawa makasha ya sabuni, hukuziangalia hata. Na mimi ni mutoto wa Lubero, Malachie. Prune naijua tangu tumboni. Divai yako iko mubaya, lakini hapana mubaya kabisa. Umezidisha kinini.»

Akasema kazi inaanza leo. Kama hataki, ile karatasi ya chupa aliyoifungua itamfikia kanali pamoja na maelezo, na jina lililoandikwa juu yake si Kyakimwa. Malachie aliuliza fungu lake litakuwa nini. Fungu, akajibiwa, alishalipata zamani: si parcelle ni yake, karatasi zote sawa? Mama Kyakimwa anaikodi tu, na kodi yenyewe ni chakula.

Malachie akachungulia ndani. Vyumba vyote viwili vilikuwa vimejaa mapipa hadi dirishani, dirisha lenyewe limezibwa kwa matofali ili giza likae vizuri. Ilikuwa kave nzuri, baridi, kavu, bora kuliko ya mzungu. Akauliza yeye atalala wapi.

Mama Kyakimwa aliinuka, akaingia, akapima kwa macho, kisha akamwonyesha nafasi kati ya pipa la tatu na ukuta.

«Ubavu,» alisema, «na hapana kutikisa.»