Bei ya Chai Kwenye Kichuguu cha Tatu

Zéphirin alikuwa ameegemea ukuta katikati ya mji wa Lubumbashi, mbele ya wabadilisha pesa, pale mzee mmoja aliyevaa koti la suti na kandambili alipoweka mezani mfuko wa unga. Ndani ya mfuko hamkuwa na unga. Mlikuwa na franga, nyingi, zimefungwa kwa mipira, na mzee alitaka dola.

"Iko makuta ya nani hii yote, Papa?" mbadilisha pesa aliuliza.

"Ya chorale yetu. Miaka tano ya kuimba ku ndoa na ku matanga. Tunataka kutembea. Ba parokia ya pili balienda Lourdes, mpaka leo hawanyamaze. Shiye tunatafuta fasi ya juu kupita yabo."

Zéphirin hakuwa mtu wa kanisa sana, lakini neno hilo, "juu", lilimgusa kama wito. Alikuwa ametafuta kazi ya kudumu maisha yake yote. Aliwahi kuwa wakala wa viza. Aliwahi kuuza viwanja kule Annexe, pembezoni mwa mji, kimoja mara tatu, na alipenda kusema kwamba kiwanja hicho kimezisaidia familia nyingi. Akamfuata mzee taratibu, akamsaidia kubeba mfuko hadi barabarani, na kabla hawajaagana alikuwa amejua kwamba mzee anaitwa Papa Godefroid, mtunza sanduku wa kwaya, sauti ya nne.

Jioni hiyo alisoma kwenye simu habari za nchi ya Nepal. Watu huenda huko kutembea milimani siku nyingi, hulala kwenye vibanda vya chai, na kila kitu, maji, chakula, hata kuchaji simu, hupanda bei kadiri unavyopanda wewe, kwa sababu vitu hivyo hufika kule juu kwenye migongo ya watu. Zéphirin aliweka simu chini. Mungu alikuwa ameumba nchi moja ambayo bei kubwa haihitaji kuelezwa.

Akaandika bajeti ya kila siku kwa kila mtu. Kila bei aliyoisoma aliizidisha mara mbili, kwa ajili ya umbali. Na kwa kuwa aliwajua akina mama wa Lubumbashi, aliongeza chini kwa herufi nene: bei za mlimani hazipunguzwi, na kuomba kupunguziwa ni kumtukana mwenyeji.

Siku ya Alhamisi alifika kwenye ukumbi wa parokia akiwa Directeur wa safari za Nepal. Kiongozi wa kwaya, Mama Kapinga, aliyeuza vitenge mjini kama mama yake aliyetoka Kasai alivyouza, alivaa miwani na kusoma karatasi tangu juu hadi chini.

"Chai dola tatu?"

"Chini njo tatu, Mama. Ukipanda inakuwa sita."

"Na kuchaji telefone dola tano?"

"Mama, umeme ya kule inapanda ku mugongo ya muntu."

"Kwetu haipandake hata ku mugongo," alisema Papa Godefroid, na waimbaji wakatikisa vichwa kwa heshima. Nchi ya namna hiyo ilistahili kuonwa.

Mama Kapinga alivua miwani. "Directeur, budget yako iko muzuri sana. Lakini shiye hatuimbake kitu siku ya Mungu kama hatukufanya répétition. Tutarudilia kwanza."

"Tutarudilia nini, Mama?"

"Népal."

Zéphirin alicheka kidogo, akaona kwamba ni yeye peke yake anayecheka.

Mazoezi yalipangwa pale pale. Jumamosi kwaya nzima ingetembea siku moja ya bajeti, kutoka Annexe kufuata njia ya Kinsevere. Milima haikuwapo, lakini vichuguu vilikuwapo, vile vikubwa vya mchwa vinavyopita paa la nyumba. Waimbaji wanne wa sauti ya pili wangetangulia na kuweka kibanda cha chai juu ya kila kichuguu, kuanzia kifupi.

"Na guide njo anashikaka makuta na kulipa kila fasi," Mama Kapinga alisema. "Weye uliandika vile. Shika." Akampa bahasha yenye dola mia sita. "Ile ingine, elfu ine, Papa Godefroid atakupatia ku kichuguu ya mwisho, tukiona yote inaenda muzuri."

Mtu mwenye akili ya kawaida angevuka mpaka pale Kasumbalesa na zile mia sita, na asingelaumiwa sana. Zéphirin alilifikiria jambo hilo Ijumaa nzima. Lakini alikuwa mtu wa hesabu, na katika hesabu elfu nne zilikuwa zinamwita kwa sauti zaidi. Je, kutembea siku moja ni nini?

Kichuguu cha kwanza kilikuwa kirefu kama mtu mzima. Juu yake alikaa Syntiche, binti wa sauti ya pili, amevaa aproni, na termosi pembeni.

"Karibuni, bageni. Chai iko dola tatu."

Waimbaji kumi na wanane walikunywa, wakamtazama guide wao. Zéphirin alifungua bahasha. Papa Godefroid akapokea pesa kwa niaba ya mlima, akazitia kwenye sanduku la bati alilobeba begani, akaandika risiti.

Kichuguu cha pili kilikuwa mbali, na viatu vya Zéphirin vilikuwa vya ngozi, vyenye ncha, vya mtu anayeshuka kwenye gari. Alifika akiwa amelowa jasho. Palikuwa na wali na maharagwe, dola tisa sahani, na maji ya chupa dola nne. Alihesabu vinywa, kisha akamvuta Mama Kapinga kando.

"Mama, hapa si Népal ya kweli. Tulipe tu bei ya kwetu, ao vipi?"

"Directeur, ku répétition muntu anaimbaka na sauti ya kweli ao ya uongo?"

"Ya kweli, Mama."

"Alors, lipa."

"Lakini basi mutupunguzie kidogo."

Mama Kapinga alionekana kuumia. Alimwonyesha aliyeketi juu ya kichuguu. "Umutukane mwenyeji? Mbele yangu?"

Zéphirin alilipa. Kilichomsumbua, alipokuwa akipanda kuelekea kichuguu cha tatu, ni kwamba hakuweza kulalamika. Kusema kwamba bei hizi ni za uongo kungekuwa kusema jina la mtu aliyezitunga. Zaidi ya hapo alikuwa na kiu, na maji ya Nepal yalikuwa baridi na matamu.

Kwenye kichuguu cha tatu chai ilikuwa sita. Papa Godefroid alishauri kila mtu achaji simu, kwa kuwa hujui mbele kuna nini, na sauti ya kwanza yote ikatoa simu kwenye pochi. Betri moja ya gari ilizichaji zote. Watu wawili wakaomba supu. Zéphirin alipofungua bahasha alikuta noti mbili zinatazamana.

Akajituliza kwa kulitazama sanduku la bati. Lilikuwa limenenepa, na lilikuwa lake kufikia jioni.

Kichuguu cha mwisho kilipita urefu wa mti wa jirani. Zéphirin alikipanda kwa mikono na miguu. Huko juu zile noti mbili ziliishia kwenye maji, kisha Mama Kapinga alipiga makofi mawili, kwaya ikanyamaza.

"Bandugu, tumeona kwa macho yetu. Siku moja imekula dola mia sita. Directeur aliandika siku kumi na mbili. Elfu ine haitoshe hata siku saba." Akamgeukia. "Kama haingekuwa weye, tungefika kule na kukosa chai katikati ya bantu. Tunakushukuru sana. Tutaimba tena miaka tano, ao saba, na tutakuita."

Wakamwimbia wimbo wa shukrani, sauti nne, wote. Ulikuwa umefanyiwa mazoezi. Zéphirin alimtazama usoni yule mama kutafuta kama anacheka, na mimi siwezi kusema kama alicheka. Alikuwa na uso wa mtu anayepima kitambaa.

Kwaya ilipoanza kurudi, Zéphirin hakusimama. Visigino vilikuwa vimechubuka. Chini, pickup ya Papa Godefroid ilikuwa imewashwa kubeba masufuria.

"Papa, munibebe," alisema kwa sauti ndogo.

Papa Godefroid alifunua karatasi za bajeti hadi ukurasa wa mwisho. "Mugonjwa anashushwa na hélicoptère. Dola elfu mbili." Alimwonea huruma kweli. "Lakini kichuguu iko mufupi kuliko mulima. Utatuachia telefone."

Zéphirin alitoa simu. Walimpakia nyuma, kati ya sufuria ya wali na ile betri, na gari likaondoka polepole.

Baada ya muda Papa Godefroid, aliyekaa naye nyuma, alimgusa goti. "Directeur, usihuzunike. Iko chorale ingine ku Kinsevere, bantu ba mine ya shaba, boîte yabo ya makuta iko muzito kupita yetu mara tatu. Nilibaambia juu yako. Banakungojea."

Kitu fulani ndani ya Zéphirin kilinyanyua kichwa. Alijiweka sawa, akakung'uta vumbi kwenye kola.

"Bale banafanyaka répétition?"

"Bale?" Papa Godefroid alitabasamu kwa fahari ya mtu anayewajua wenzake. "Mara mbili."

Zéphirin akagonga bati la gari, akaomba ashushwe pale pale.