Koti la Maksimu

Jumatatu, 3 Februari

Banda limejaa leo. Hapa Mlola mwenye banda la video ni mimi, Fanueli, na mtafsiri ni mimi pia. Tamthilia inatoka nchi ya mbali. Lugha yake siijui hata neno moja, lakini hilo halijawahi kunisumbua. Natazama midomo, nashika maiki, nasema. Jina halisi la shujaa sijui, nimemwita Maksimu. Mrefu, tajiri, koti jeusi refu hata akiwa chumbani. Mwanamke wake nimemwita Selina.

Leo Maksimu kamkamata Selina kifundo cha mkono, kamburuta ngazi nzima, kachukua simu yake na kuitupa kwenye bwawa. Nikashusha sauti yangu nzito: haya ndiyo mapenzi, akina mama. Benchi la mbele lote likakohoa kwa pamoja. Hakuna mwenye mafua pale.

Watu walipotoka, Beatha akabaki. Beatha ni fundi cherehani, baraza lake linatazamana na mlango wangu. Ndiye atakayekuwa mke wangu, ingawa hajaambiwa. Akaniuliza: kama huyo ndiyo anapenda, akichukia je, anafanyaje? Nikacheka kicheko cha mtu anayejua mambo. Nimewachunguza hawa. Wanaguna, wanasonya, wanasema roho zinawauma, na kesho wanarudi. Mtu harudii sahani asiyoipenda. Kwa hiyo Beatha anamtaka mwanaume wa aina ya Maksimu, anaona haya kusema tu.

Kikwazo ni kimoja: Mwalimu Anord, mtu wa Muheza. Akienda kwao anarudi na iliki na mdalasini, anampelekea Beatha na bibi yake. Anasalimia kila kiumbe. Nimemwona kwa macho yangu akimpisha mbuzi njiani na kumwambia pole. Ndiye wa kushindana nami huyo? Kabla msimu wa peasi haujaisha, Beatha atakuwa wangu. Nimeamua.

Jumanne, 4 Februari

Nimeshuka Lushoto mjini, nimechambua mtumba mpaka chini kabisa. Nimepata! Koti jeusi, refu, linafika magotini. Jua la Februari halina huruma hata huku mlimani, lakini Maksimu hatokwi jasho, na mimi nitajizoeza.

Nikapita mbele ya baraza la Beatha polepole. Nikarudi. Nikapita tena. Mara ya nne akasimamisha cherehani, akaja, akashika koti. Akasema: kaka Fanueli, hili koti ni la kike, angalia upande wa vifungo. Akasema pia kitambaa ni kizuri.

Cha muhimu: amelishika.

Alhamisi, 6 Februari

Leo ilikuwa siku ya kuingia kimya. Maksimu akiingia nyumbani kwa Selina habishi hodi wala hasalimii. Anaegemea mwimo wa mlango, anatazama. Selina anatetemeka. Wahenga wenyewe walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nikaenda nyumbani kwa Beatha. Nikaegemea mwimo. Nikatazama. Ndani alikuwemo Bibi Rahabu, bibi yake Beatha, anachambua maharage. Beatha anasuka ukili. Na Anord! Ameketi kwenye kigoda, anamenya viazi kama mtoto wa nyumba ile.

Bibi Rahabu akaningoja nitoe shikamoo. Sikutoa. Akaweka ungo chini. Akaniita jina. Nikakunja uso. Hapo akamwambia Beatha kwa Kishambaa kwamba mtoto wa watu amefungwa ulimi, na pale alipo hajui hata alipo, maana mtu mwenye akili zake hawezi kumtazama bibi kizee hivyo bila salamu. Anord akainuka akanipa kigoda. Akasema pole. Kama mbuzi!

Kabla sijajua la kufanya nilikuwa nimeketi, nimenyweshwa kikombe cha majani machungu yasiyo na jina, na ameitwa Mzee Nikodemo, mzee wa kanisa, aniombee. Mzee Nikodemo akiomba hana haraka. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu, na majani tumboni yalikuwa yanapanda na kushuka. Mwisho nikashindwa. Nikasema: shikamoo, Bibi.

Bibi Rahabu akalia machozi ya furaha. Marahaba, mwanangu, marahaba.

Mpango haukuharibika, umekatizwa tu.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani, kabla ya mahubiri, Mzee Nikodemo akasimama kutoa ushuhuda: kijana wetu Fanueli alikuwa bubu, sasa anasema. Kwaya ikaimba. Beatha alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika. Alikuwa analia kwa ajili yangu, naamini.

Baada ya ibada, mnada nje kama kawaida. Kuku, kabichi, mikungu ya ndizi, kila alichokileta mtu sadaka. Beatha alileta kikapu cha peasi. Nilikuwa nimejiandaa, maana juzi Maksimu alinunua duka zima la maua ili mwanaume mwingine asimnunulie Selina hata ua moja. Benchi la mbele waliguna sana siku hiyo. Wakauliza wafanyakazi wa pale dukani watakwenda wapi. Wanawake hawaelewi ukubwa.

Anord akataja bei. Nikapandisha. Akapandisha. Nikapandisha mpaka watu wakaacha kuku wao. Nikashinda! Mzee Nikodemo, ambaye ndiye mnadi, akanikabidhi kikapu, akauliza kama desturi yetu ilivyo: Fanueli, unamzawadia nani? Hapa mtu husema namzawadia mchungaji, au mama mkwe, au mgeni, watu wakapiga vigelegele.

Maksimu hajielezi. Nikasimama na koti langu juani, kikapu mkononi, kimya, nikamkazia macho Beatha.

Mzee Nikodemo akasubiri. Akauliza tena. Halafu akavua kofia na kusema kwa huzuni: ndugu zangu, imerudi.

Usharika mzima ukanizunguka kuniombea. Kikapu kilichukuliwa mikononi mwangu, na nilipofungua macho kilikuwa kimeshanadiwa upya. Anord alikinunua, akamzawadia Bibi Rahabu. Vigelegele vikapigwa.

Jumanne, 11 Februari

Nimeona kosa langu. Nilikuwa mpole mno. Maksimu anakamata. Nikaenda barazani kwa Beatha, nikavuta pumzi, nikamkamata kifundo cha mkono kwa nguvu.

Mafundi cherehani hufunga kifuko cha sufi pale pale kwenye kifundo, wanachomekea pini. Nilikuwa sijui. Sasa najua. Nilipiga kelele mpaka mama muuza nyanya akaja.

Beatha akazichomoa pini moja moja kutoka kwenye kiganja changu. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akaniuliza: kama pasingekuwa na pini, ungefanya nini baadaye? Nikatafuta jibu. Sikulipata, kwa sababu pale kwenye tamthilia muziki huingia. Akasema hapendi kukamatwa. Akasema hata akiona kwenye luninga moyo unamwenda mbio, na si kwa raha, ni kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake njiani. Wanawake wanarudi bandani kila siku, akasema, kwa sababu wanataka kuona Selina ametoka salama. Na mimi kila siku namwambia Selina kwamba hayo ni mapenzi.

Nilijisikia vibaya mpaka jioni. Labda ni zile pini.

Jumatano, 12 Februari

Banda tupu. Kaja Mzee Nikodemo peke yake, naye huja kulala. Wanawake wote wamekaa barazani kwa Beatha, wameupa mgongo mlango wangu. Nikatafsiri kwa sauti kubwa zaidi. Mzee Nikodemo akaamka, akaniomba nipunguze.

Wakamtuma Beatha. Sharti lao ni dogo: maiki washike wao. Nikasema haiwezekani, tafsiri ni taaluma. Akaniuliza lugha ile inaitwaje. Nikampa maiki.

Alhamisi, 13 Februari

Sijawahi kuona watu wengi vile. Wamejaa ndani, wamejaa dirishani, wengine wamepanda mti wa mparachichi nyuma ya banda.

Maksimu akamkamata Selina mkono. Midomo ya Selina ikacheza, na Beatha kwenye maiki akasema: toa mkono wako, kwanza umesalimia? Banda likalipuka. Midomo ya Maksimu ikacheza. Beatha akatoa sauti nene: nisamehe, dada, sikulelewa, mama alikuwa sokoni. Maksimu akafunga mlango kwa ufunguo. Beatha: nimefunga kwa sababu ya baridi, ufunguo huu hapa, ukitaka kwenda nenda. Wanawake walishikana mabega kwa kucheka. Mama muuza nyanya alilia. Akasema leo ndiyo mara ya kwanza anatazama bila tumbo kumkaza.

Anord alikuwa dirishani, anacheka kuliko wote. Mimi nilisimama kwenye swichi. Biashara imepanda, sikatai. Lakini iliniuma kumwona Maksimu wangu akiomba msamaha mbele ya watu, na mdomo wake unaendana kabisa na maneno.

Jumamosi, 15 Februari

Asubuhi Bibi Rahabu kaniita. Nikatoa shikamoo kutoka barabarani, nisije nikapewa majani. Akanikalisha, akaniambia neno ambalo sikulitarajia.

Mwaka jana wakati wa masika, gari lilipokwama kwenye tope, nilimbebea Beatha cherehani mgongoni mpaka kwao. Nilikuwa nimesahau. Nilikitua, nikanywa maji, nikaenda zangu. Bibi akasema tangu siku ile Beatha alikuwa ananingoja niende kumuuliza. Alikuwa na jibu lake tayari, na lilikuwa jibu zuri. Badala yake nimekwenda na koti. Sasa washenga wa Anord wanakuja leo jioni. Beatha hajawapa neno. Bibi akasema: kuuliza si ujinga, mwanangu. Nenda kamuulize. Kwa mdomo.

Nilitoka pale naelea. Kumbe ananipenda! Niliimba njia nzima.

Halafu nikafikiri. Maksimu hajauliza hata mara moja katika vipande vyote nilivyotafsiri. Anayeuliza anaweza kuambiwa hapana. Nikakumbuka kipande cha mto: anafunga mlango, anautupa ufunguo majini, anasema hutoki mpaka unipende. Nikaona nitaunganisha yote mawili. Nitafunga kwanza, nitauliza baadaye.

Watu walipotoka mchana, Beatha alikuwa anakunja waya wa maiki. Nikasukuma mlango. Mkono wa koti ukanasa kwenye komeo. Nikavuta, ukachanika. Beatha akasema pole, akanivua koti, akasema atalishona, akapita ubavuni kwangu na koti begani, akaenda zake. Sikumwona, nilikuwa nahangaika na kitasa. Nikafunga, nikautupa ufunguo dirishani, nikageuka, nikasema: hutoki mpaka unipende.

Mzee Nikodemo akaamka kwenye benchi la nyuma. Akasema ananipenda katika Bwana.

Tulikaa mle mpaka jioni. Ameniombea tena. Aliyeuokota ufunguo ni Anord. Alibisha hodi kwanza, kwenye banda lililofungwa, akauliza habari za humo ndani, ndipo akafungua. Alikuwa na washenga wake wawili na uso wote unacheka. Walikuwa wanatoka kwa Bibi Rahabu. Sikuhitaji kuuliza wamejibiwa nini. Nilikaa kwenye benchi la mbele, mahali anapokaa Beatha, nikaona kweli nimeumia.

Jumapili, 23 Februari

Mchungaji amesoma tangazo la ndoa la kwanza: Anord na Beatha. Akauliza kama yupo mwenye pingamizi. Vichwa vyote vikanigeukia. Nilikuwa sina koti, nikanyamaza.

Baada ya ibada Beatha akanifuata. Akasalimia vizuri. Akanirudishia koti, limekunjwa, limepigwa pasi. Mkono umeshonwa, huoni hata palipochanika. Tena amehamisha vifungo vyote, sasa ni koti la kiume kabisa. Hakutaka malipo. Akasema: kaka Fanueli, ukimpata mwingine, muulize tu. Akaenda kwa Anord, wakaondoka wakishindana kusalimia watu.

Nimekaa nalitazama hili koti mchana kutwa. Mwanamke hahamishi vifungo vyote vile kwa mtu asiyemtaka. Hiyo ni ishara.

Na kipande cha leo, mtu asiniambie ni bahati: Selina yuko kanisani na gauni jeupe, anaolewa na mwingine, mlango unafunguka, Maksimu anaingia na koti. Kipande kimeishia hapo.

Matangazo bado mawili. Jumapili ijayo nakaa mbele kabisa. Mchungaji akiuliza pingamizi, nitasimama nimefunga vifungo vyote. Sitaeleza wala kuuliza. Nitamtazama tu, kimya, mpaka wote waelewe.